Trekta Imezima Sergoit: Mwongozo wa Kuandaa Somo kwa Wakufunzi wa Ufundi

Machi, mvua za kwanza zikinukia katika uwanda wa Uasin Gishu, mkulima wa Moiben hana nafasi ya kusikiliza nadharia. Trekta yake imeishiwa dizeli katikati ya shamba. Ameongeza mafuta kutoka kwenye mtungi na kujaribu kuiwasha, lakini injini inazunguka tu, haishiki. Anaitwa kijana aliyemaliza chuo cha ufundi mwaka jana. Kijana huyo ama atalegeza skrubu ndogo iliyo juu ya filta, apampu kwa mkono hadi mapovu yaishe, na trekta irudi kazini kabla ya chai ya saa nne. Ama atasimama akiitazama injini huku akiukumbuka mchoro wa mfumo wa mafuta, ule alioupaka rangi vizuri daftarini akapewa nane kwa kumi.

Vijana hawa wawili huenda walisoma kitabu kimoja, chini ya paa moja la mabati. Kilichowatenganisha mara nyingi ni jioni ya kabla ya somo, pale mkufunzi alipoketi kuliandaa. Mkufunzi mmoja aliandaa atakachosema. Mwingine aliandaa watakachofanya wanagenzi.

Mwongozo huu ni wa huyo wa pili, na wa yeyote anayetaka kuwa kama yeye: mkufunzi wa umakanika, ushonaji, umeme, uashi au upishi, ambaye ana wanagenzi wengi, vifaa vichache na saa mbili za karakana.

Moiben kama ilivyo

Eneo bunge la Moiben lina wadi tano: Tembelio, Sergoit, Karuna/Meibeki, Moiben yenyewe na Kimumu. Kimumu imekwisha kumezwa na Eldoret, iliyotangazwa kuwa jiji Agosti 2024. Nyumba za kupanga, saluni na gereji zimejaa kandokando ya barabara ya kwenda Iten. Wadi za mbali bado ni za ngano, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo mwanagenzi wa umeme anaweza kuajiriwa kufunga nyaya katika ghorofa la Kimumu au kutengeneza mashine ya kukamulia maziwa huko Sergoit. Mkufunzi asiyejua ni wapi kati ya hapo wanagenzi wake watakula jasho lao hajui pia aanzie wapi kufundisha.

Vyuo vya ufundi vya mashinani nchini Kenya vilizaliwa na swali hilohilo. Mwaka 1966 ripoti ya baraza la makanisa iliuliza watakwenda wapi vijana wanaomaliza shule ya msingi bila nafasi ya kuendelea. Jibu mojawapo likawa vyuo anuwai vya vijiji, vilivyoanza kuenea mwishoni mwa mwongo huo. Katiba ya 2010 iliviweka vyuo hivyo chini ya serikali za kaunti, huku taasisi kubwa kama Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Eldoret zikibaki mikononi mwa serikali kuu. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013 ilileta mamlaka ya TVETA, inayowasajili wakufunzi na vyuo, pamoja na baraza la TVET CDACC, linaloandaa mitaala na tathmini ya umilisi. Katika mfumo huo mwanagenzi hapewi nafasi darasani kama ilivyokuwa zamani, wa kwanza hadi wa arobaini. Anatazamwa akifanya kazi, kisha inaamuliwa kama amefikia umilisi au bado.

Mtihani umebadilika. Andalio la somo lililonakiliwa kutoka daftari la mwaka juzi halitafaa tena.

Aanze na kazi iliyokwisha

Mkufunzi akifungua mtaala, macho yake huenda moja kwa moja kwenye mada: "mfumo wa mafuta", "aina za mishono", "sakiti". Kabla ya kuandika chochote, aufunge kwanza mtaala na ajiulize: mteja ataona nini kazi hii ikifanyika vizuri? Jibu liandikwe kwa sentensi moja inayoweza kuonekana kwa macho. "Mwanagenzi aelewe mfumo wa dizeli" haionekani kwa macho. "Mwanagenzi atoe hewa kwenye mfumo wa dizeli na injini iwake, bila kumwaga mafuta chini na bila kuharibu uzi wa skrubu" inaonekana, na hata mkulima asiyejua kusoma anaweza kuikagua.

Sentensi hiyo ikishapatikana, arudi nyuma hatua kwa hatua. Hatua ya mwisho kabla ya injini kuwaka ni ipi? Na kabla ya hiyo? Ipi huwashinda wanaoanza? Ipi ina hatari? Akifika mwanzo atakuwa na orodha ya hatua saba au nane, na hiyo ndiyo mifupa ya somo.

Kurudi nyuma namna hii si uvumbuzi wa vyuo. Miaka ya 1970 mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, alikaa na mafundi cherehani wa jamii za Vai na Gola mjini Monrovia, Liberia, akachunguza wanavyowafunza wanagenzi wao. Aliona kwamba mafunzo yaliufuata mkondo wa kazi kinyumenyume. Nguo hutengenezwa kwa kukatwa, kushonwa, kisha kumaliziwa. Mwanagenzi alianzia kwenye umaliziaji: vifungo, pindo, pasi. Baadaye akapewa kushona vipande. Mkasi ulikuja mwisho.

Mpangilio huo una mantiki ambayo fundi yeyote wa Eldoret ataitambua. Anayepiga pasi suruali iliyokamilika anajifunza umbo lake zima kabla ya kuhangaika na sehemu zake. Tena, kifungo kilichoshonwa vibaya hufumuliwa kwa dakika moja, ilhali kitambaa kilichokatwa vibaya kimepotea na fedha za mteja zimepotea nacho. Mkufunzi wa ushonaji anayewakabidhi wanagenzi mkasi wiki ya kwanza, kwa kuwa sura ya kwanza ya kitabu inahusu ukataji, amewaanzisha pale kosa linapouma zaidi.

Kwa makanika kanuni ni hiyohiyo. Atakayetoa hewa kwenye dizeli aanze na injini iliyo tayari, aisikie ikiwaka, aione skrubu ilipo, kisha ndipo hewa iingizwe kwa makusudi na yeye aitafute.

Saa mbili karakanani

Tuseme wanagenzi ni 24, injini ya trekta ni moja, na muda ni dakika 120. Katika hali kama hiyo wakufunzi wengi huizunguka injini na darasa lote: watatu wa mbele wanaona, waliobaki wanaona migongo ya wenzao. Kinachohitajika ni vituo sita, wanagenzi wanne kila kituo, na kengele.

Dakika 15 za kwanza ni za tatizo. Mkufunzi asianze na tafsiri ya istilahi. Awasimulie habari ya trekta iliyozima, kisha awape wawiliwawili dakika mbili wakubaliane wangeangalia nini kwanza. Majibu yaandikwe ubaoni yote, ya kweli na ya uongo, bila kusahihishwa. Yatasahihishwa na injini.

Dakika 20 zinazofuata ni za kuonyesha. Mara ya kwanza mkufunzi aifanye kazi yote kwa mwendo wa kawaida, kimya, ili wanagenzi waone kazi ya fundi inavyotiririka. Mara ya pili aende polepole akieleza sababu ya kila hatua: kwa nini anaanza kwenye filta kabla ya pampu, kwa nini anaweka chombo na kitambaa chini, kwa nini anakaza skrubu wakati mafuta bado yanatoka. Mara ya tatu mikono iwe yake lakini maneno yawe ya wanagenzi. Wasipomwambia alegeze, asilegeze. Hapo ndipo atagundua ni hatua gani haijawaingia.

Kisha vituo, dakika 12 kila kimoja:

1. *Injini yenyewe.* Mkufunzi ameingiza hewa kwa kuondoa dizeli kidogo kwenye filta, kikundi kinaitoa. Kazi iishie upande wa shinikizo dogo, yaani filta na pampu. Nati za mabomba ya nozeli azilegeze mkufunzi mwenyewe, miwani ya usalama ikiwa usoni, kwa kuwa dizeli inayotoka kwenye nozeli inaweza kupenya ngozi. Mtu asijaribu kuikinga kwa kidole.

2. *Filta mbovu iliyokatwa katikati.* Wanagenzi wafuate kwa kalamu njia ya mafuta kuanzia yanapoingia hadi yanapotoka, na waonyeshe hewa hujificha wapi.

3. *Sirinji mbili na mrija.* Zikijazwa maji, ukisukuma moja nyingine husogea papo hapo. Zikijazwa hewa, na mwenzako akizuia upande wa pili kwa kidole gumba, mkono unazama tu kama kwenye sifongo. Kwa shilingi chache, mwanagenzi ameshika kwa mkono wake sababu ya injini kukataa kuwaka.

4. *Kadi za hitilafu.* Ya kwanza: mkono wa pampu hauna uzito kabisa ukisukumwa. Ya pili: mapovu hayaishi hata baada ya kupampu sana. Ya tatu: injini inawaka, baada ya muda mfupi inazima. Kikundi kiamue chanzo na kiandike. Kwa kadi ya kwanza huenda kemu imesimama mahali pabaya, injini izungushwe kidogo. Kwa ya pili hewa inaingia mahali fulani kati ya tanki na pampu. Kwa ya tatu waanze na koki ya tanki, pengine ilisahauliwa.

5. *Spana na washa.* Kuchagua spana inayoshika sawasawa, kubadilisha washa za shaba, kukaza bila kuua uzi.

6. *Mteja.* Mmoja awe mkulima mwenye haraka, mmoja awe fundi. Fundi aeleze tatizo kwa lugha ya mkulima, ataje bei, aandike risiti. Wawili waliobaki wasikilize na waseme kama wangelipa.

Dakika 13 za mwisho warudi ubaoni. Majibu yale ya mwanzo yapitiwe upya, na wanagenzi wenyewe wafute yaliyokosea.

Katika kila kikundi cha wanne pawe na kazi nne: anayeshika kifaa, anayesoma hatua, anayekagua usalama na anayeandika. Kazi hizo ziwe kwenye kadi, na kadi zizunguke kila kengele inapolia. Pasipo na kadi, jambo moja hutokea karibu kila mara katika madarasa ya umakanika: msichana aliyemo kikundini hukabidhiwa kalamu, kwa kuwa "mwandiko wake ni mzuri", na muhula unakwisha hajashika spana. Katika darasa la ushonaji au upishi, mvulana pekee naye huenda akatumwa kubeba maji hadi mwisho.

Hatua hizi za kuandaa, kuonyesha, kumwacha mwanafunzi ajaribu na kumfuatilia zina historia ndefu viwandani. Charles Allen, aliyekuwa akifunza wajenzi wa meli Marekani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliziweka kitabuni mwaka 1919. Wakati wa Vita vya Pili nchi hiyohiyo ilizitumia kuwafunza kwa haraka wafanyakazi wapya wa viwanda. Zilidumu kwa sababu haziombi vifaa vingi.

"Tuko pamoja?"

Darasa la Kenya lina wimbo wake. Mkufunzi anauliza, "Tuko pamoja?" Darasa linaitikia, "Tuko pamoja!" Anauliza, "Mmeelewa?" "Ndiyo, mwalimu!" Sauti ni kubwa na adabu ni nzuri, lakini mkufunzi hajajua lolote. Kijana aliyelelewa kumheshimu mkubwa hatasema mbele ya watu kwamba mwalimu hakueleweka.

Badala ya swali la kuitikiwa, mkufunzi aulize swali linalohitaji uamuzi. "Ukikaza skrubu hii kabla mapovu hayajaisha, mteja atakupigia simu saa ngapi?" "Kati ya washa hizi mbili, ipi utaitupa, na kwa nini?" Akishauliza, anyamaze.

Kunyamaza ndiko kugumu. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, alisikiliza kanda za masomo ya sayansi akagundua kwamba walimu, baada ya kuuliza, walingoja kwa wastani wa kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu. Walipojizuia kwa sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Karakanani, mkufunzi ahesabu moyoni hadi tano huku akipangusa spana. Ukimya wenye kazi hauaibishi mtu.

Jina la mwanagenzi litajwe baada ya swali, si kabla. Likitajwa kabla, wengine 23 wanajua wamesalimika, na akili zinaondoka. Na mwanagenzi akikosea mbele ya wenzake, asiambiwe "hapana". Arudishwe kwenye kitu chenyewe: "Hebu shika hapa, unasikia nini?" Chuma hakimwonei mtu haya, na mwanagenzi akisahihishwa na chuma haoni kwamba amefedheheshwa na mwalimu.

Azimio la kazi na kalenda ya shamba

Mihula ya vyuo vya ufundi huanza Januari, Mei na Septemba. Shamba la Moiben lina mihula yake. Mahindi hupandwa mvua zinapoanza, Machi na Aprili. Kufikia Oktoba na Novemba ni mavuno, na kombaini za ngano zinanguruma. Katika miezi hiyo viti vitabaki vitupu, kwa kuwa nyumbani mikono inahitajika na kibarua kinalipa leo.

Mkufunzi anaweza kulalamika kila mwaka, au anaweza kulipanga azimio la kazi likaivana na msimu. Somo la mashine ya kupandia na kupima mbegu liwe Februari, mwanagenzi akaende nalo shambani Machi. Mikanda na bering za mashine ya kupukuchua mahindi ziwe Septemba. Kwa wanaoshona, sare za shule ziwe kabla ya wazazi kuzitafuta Januari, si baada. Atakayekosekana wiki mbili kwa ajili ya mavuno apewe kazi ya kwenda nayo: apige picha tatu za mashine iliyoharibika, aeleze tatizo na lilivyotatuliwa. Picha hizo, zikiwa na tarehe na maelezo, zinaweza kuingia kwenye jalada la ushahidi ambalo mfumo wa umilisi unamtaka kila mwanagenzi awe nalo.

Majina mawili ya kitu kimoja

Vitabu na tathmini ni vya Kiingereza. Gereji huzungumza Kiswahili chake, chenye nozeli, gaskiti, klachi na bering. Nyumbani wengi huzungumza Kikalenjin. Mwanagenzi anaweza kuijua kazi vizuri na kushindwa na swali kwa sababu hakulitambua jina la kitu anachokishika kila siku.

Dawa yake ni rangi na brashi. Kila kifaa ukutani kiwe na majina mawili, la kitabuni na la gereji, na mkufunzi ayatumie yote mawili kwa zamu. Wakati wa majadiliano ya kikundi, wanagenzi waachwe wazungumze lugha inayowatoka kwa urahisi. Wakati wa kuripoti, watumie maneno ya kitabu. Fundi wa jua kali aliyealikwa kutoka mjini aje kuonyesha kazi kwa lugha yake, hata kama hajui jina rasmi la kifaa chochote. Kuyaoanisha majina kutakuwa zoezi la wanagenzi akishaondoka.

Orodha ya ukaguzi

Zile hatua saba au nane zilizopatikana jioni ya maandalizi sasa ziwe orodha ya ukaguzi. Kila hatua iwe na visanduku viwili: "ameiweza" na "bado". Wanagenzi wapewe orodha hiyo siku ya kwanza. Mtihani wa fundi hauna siri. Mteja husema mapema anachotaka.

Wakaguane wenyewe kabla ya mkufunzi kuwakagua. Anayemkagua mwenzake akitoa hewa kwenye filta analazimika kujua mapovu yaliyoisha yanafananaje, na mara nyingi yeye ndiye anayejifunza zaidi. Mkufunzi akifika, ataje jambo moja la kurekebisha, si matano.

Saa kumi jioni

Wanagenzi wakishaondoka, mkufunzi ahesabu spana. Iliyopotea leo itakosekana kituoni kesho, na wanne watakaa bila kazi. Kisha afungue daftari aandike mistari mitatu: kituo kilichochelewesha wengine, swali lililozua mjadala, na jina la mwanagenzi ambaye hajashika kifaa. Mistari hiyo haimalizi dakika tano, lakini ndiyo itakayoamua nani aanze na injini somo lijalo, na kama kile kituo cha sirinji kinahitaji dakika 12 au 8. Umeme ukikatika siku hiyo, kama unavyokatika, ni vituo vipi vinavyoweza kuendelea kwenye mwanga wa dirishani? Aandike hilo pia, aoshe mikono, aning'inize kadi za kesho kwenye msumari wake mlangoni.